Mita 500 Ndefu Kuliko Njia ya Nairobi

Ndege ya kutoka Nairobi hadi Ukunda hukata kilomita zipatazo 440 za anga kwa muda wa saa moja na dakika chache. Feri ya Likoni, inayovusha kati ya kisiwa cha Mombasa na pwani ya kusini, ina mita zipatazo 500 za maji mbele yake, na ikiwa hakuna kinachoizuia huzimaliza kwa dakika kumi hivi. Piga hesabu: hiyo ni kilomita tatu kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila pupa. Ongeza saa moja ya foleni, ambayo kwa wenye magari ilikuwa jambo la kawaida nyakati za jioni, na mwendo huo haufiki hata nusu kilomita kwa saa. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Kwa mtu wa kusini, mjini ni kisiwani Mombasa. Ukunda iko kama kilomita 30 kutoka Likoni, Msambweni kama 50, na Lunga Lunga mpakani karibu 100. Hizo ni namba za ramani. Mkaaji wa Ukunda, ukimwuliza miaka ile kufika mjini ni muda gani, hakukutajia dakika. Alikuuliza kwanza unatoka saa ngapi, siku gani, na unakwenda kwa gari au kwa miguu. Jumatatu asubuhi ilikuwa na jibu lake, mwisho wa mwezi ulikuwa na lake, mkesha wa Idi ulikuwa na lake. Disemba, watu wa bara wanaposhuka Pwani na magari yao, haikuwa na jibu.

Tangu mwaka 2024 tunaambiwa kwamba maneno hayo yamepitwa na wakati. Barabara ya Dongo Kundu imefunguliwa, na mtu anayetoka Nairobi kwa gari anaweza kufika ufukwe wa Diani bila kuiona feri. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini kila njia inayofupishwa hufupishwa kwa ajili ya mtu fulani, na katika habari zote nilizosoma juu ya muda mpya wa kufika Diani, mtu huyo ana gari na anatoka mbali.

Tuanze na swali ambalo watoto wa Likoni huliuliza mapema: kwa nini kaskazini kuna madaraja, na kusini hakuna? Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, kisha la zege mwaka 1980. Kilifi, ambako magari nako yalikuwa yakisubiri feri, ilipata daraja lake mwaka 1991, na tangu hapo mtu hutoka Mombasa hadi Malindi bila kuteremka garini. Likoni imekuwa na feri tangu mwaka 1937 na bado ina feri. Sababu ni Kilindini yenyewe. Mlango ule wa bahari ndio njia ya meli zote kubwa zinazoingia bandarini, na daraja lolote la kudumu sharti lipae juu kiasi cha meli ya makontena kupita chini yake. Daraja kama hilo limechorwa na kupewa jina, Mombasa Gate, na Wajapani wamesaidia kulifanyia upembuzi. Kuliwahi pia kuwa na mpango wa vibanda vya kuning'inia kwenye waya, abiria wavushwe juu kwa juu. Hadi leo wanaovuka mkondo ule kwa juu ni kunguru peke yao.

Meli inapoingia au kutoka, feri husimama kuipisha. Nadhani hapo ndipo mambo yote ya Likoni yanapoonekana kwa mara moja. Meli yenye makontena ya Kampala, Kigali na Goma inapita taratibu, ndefu kama mtaa, na mama mwenye kikapu cha mboga kutoka Matuga amesimama gatini akiitazama. Mzigo wa kwenda Kampala una haraka kuliko yeye. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo kwa ubaya. Bandari ndiyo iliyoujenga mji, na meli kubwa haiwezi kupiga breki kama matatu. Hata hivyo zamu ya kungoja huwa ni ya mtu yuleyule.

Shirika la Feri, kabla shughuli zake hazijahamishiwa Halmashauri ya Bandari, lilikuwa likitaja wastani wa watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Wenye magari hulipa, wapita kwa miguu hawalipi. Abiria wa matatu hushuka upande mmoja, huteremka mteremko wa feri wakiwa wamebanana, huvuka, kisha hupanda kilima cha upande wa pili kutafuta gari jingine. Kwa hiyo safari ya Ukunda hadi mjini ni safari mbili zilizofungwa pamoja na mwendo wa miguu, na nauli ni mbili. Hilo halimo katika kipimo cha kilomita 30.

Kungoja nako kunawalisha wengine. Njia za kushukia feri, pande zote mbili, ni soko: viazi vya karai, mabuyu mekundu, achari ya maembe, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, maji baridi, soksi, chaja za simu, miwani ya jua. Muuzaji wa pale anajua ratiba ya meli kuliko mwenye gari. Meli ikichelewesha feri, yeye anauza. Barabara mpya ya Dongo Kundu haikuchorwa kwa kumfikiria, na sijui kama kuna ofisi yoyote iliyowahi kuhesabu vikapu vyake miongoni mwa hasara za maendeleo.

Mkondo ule umechukua kikubwa kuliko muda. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, upande wa ndani wa mkondo huohuo, ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Walikufa watu 272, wengi wao wakielekea kazini. Mwishoni mwa Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na binti yake mdogo, na ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Nchi nzima ilifuatilia siku zile kwenye televisheni. Wengine ndipo walipotambua kwamba kuna Wakenya wanaovuka maji yale mara mbili kila siku ya kazi.

Kisha ikaja korona. Tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu, na amri ilikuwa kila mtu awe nyumbani kwake ifikapo saa moja jioni. Wafanyakazi wa kisiwani wanaoishi kusini walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: waliondoka mapema. Wakajazana kwenye feri alasiri, maelfu kwa maelfu, na polisi wakawatawanya kwa virungu na vitoa machozi saa kadhaa kabla ya kafyu yenyewe kuanza. Aliyeiandika amri ile Nairobi alikuwa na saa ukutani, hakuwa na Likoni. Mwezi uliofuata serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Kwa muda, kati ya mtu wa Ng'ombeni na ndugu yake wa Likoni, ambao kwa kawaida hutembeleana kwa miguu, pakawa na mpaka.

Msongamano ule ndio uliozaa daraja la kuelea la Liwatoni. Kampuni ya Kichina ya barabara na madaraja ililiunganisha kutoka Liwatoni upande wa kisiwani hadi Ras Bofu upande wa Likoni kwa gharama ya shilingi bilioni 1.9, na mwanzoni mwa 2021 watu wakaanza kulitumia. Kwa mara ya kwanza mtu wa kusini alikwenda mjini kwa miguu yake, kwa mwendo anaoutaka yeye. Lakini lilikuwa la wapita kwa miguu tu, lilikuwa na saa zake, na katikati lilifunguliwa kuzipisha meli. Halikuwa jibu la kudumu.

Sasa tumfuate mgeni, maana historia ya muda wa safari za Diani ni historia ya mgeni. Kwa miaka mingi Mjerumani aliyetaka ufukwe wa Diani alipanda ndege Frankfurt, akakata zaidi ya kilomita 6,500 kwa saa nane au tisa, akashuka Uwanja wa Moi, Mombasa, akiwa na usingizi na kofia ya jua. Hapo akapakiwa basini. Kilomita zilizobaki hazifiki 50. Zikamchukua saa mbili, tatu siku mbaya, nyingi katika hizo akiwa amesimama kwenye foleni ya feri akipigwa na joto. Wakati wa kurudi, hoteli zilimtoa chumbani mapema mno asije akaiona ndege yake ikipaa akiwa Likoni. Wako waliobadili nia na kwenda Watamu mwaka uliofuata, na ukitaka kujua kwa nini wenye hoteli za kusini walilia na feri kwa sauti kuliko wakulima wa korosho, sababu ni hiyo: mkulima hana pa kuhamia.

Kiwanja kidogo cha ndege cha Ukunda ndicho kilichomtoa mgeni foleni. Jambojet na Safarilink huleta watu moja kwa moja kutoka Nairobi. Mwenye nauli hunywa chai yake Nairobi saa moja asubuhi, na saa nne yuko mchangani amevua viatu. Kwake yeye, Diani iko karibu kuliko Thika siku ya mvua. Nje ya geti la kiwanja hichohicho kuna matatu zinazoita Likoni, na abiria wake ambao shughuli zao ziko mjini, umbali wa kilomita thelathini na ushei, hawawezi kuahidi watafika kabla yake.

Wasio na nauli ya ndege walipewa treni. Ile ya zamani, iliyokwenda kwa reli nyembamba ya Waingereza, iliondoka Nairobi jioni na kufika Mombasa asubuhi ikipenda, adhuhuri isipopenda. Ilipumzishwa Aprili 2017. Mwisho wa Mei mwaka huo ikazinduliwa Madaraka Express: kilomita 472 kwa muda wa saa tano hivi. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000, na Januari 2024 ikapandishwa hadi 1,500. Hakuna ubishi kwamba reli hii imeusogeza mji mmoja kwa mwingine. Ila kituo chake hakiko mjini. Kiko Miritini, bara, na kwa miaka saba ya mwanzo abiria wa kusini aliyeshuka pale alijua kwamba safari yake ngumu ndiyo kwanza inaanza.

Niliifanya safari hiyo kabla ya barabara mpya. Treni ya alasiri hufika usiku. Unatoka stesheni na begi, wenye teksi wanakutazama kama sadaka, unaingia matatu inayopita Changamwe hadi kisiwani, unateremka, unatembea hadi feri, unavuka, unapanda kilima, unatafuta gari la Ukunda ambalo halijajaa na kwa hiyo haliondoki. Tsavo nzima, Voi, Mackinnon Road na Mariakani zilikuwa zimepita dirishani nikiwa nimekaa kitako. Kipande cha mwisho, ambacho kwenye ramani kinafunikwa na ukucha, nilikwenda nikiwa nimesimama, na nilipofika nilikuwa nimechoka nacho kuliko nilivyochoka na Tsavo. Wenye magari nao walikuwa na ujanja wao: kuiacha barabara kuu Samburu, kupita Kinango na kuibukia Kwale mjini. Ni mzunguko mrefu wa vumbi, lakini hauna feri ndani yake, na kuna madereva walioapa kwamba ni wa haraka.

Dongo Kundu imekatisha hayo. Ni kilomita 17 na nusu kutoka Miritini, kupitia Mwache na Tsunza, hadi Kibundani inapokutana na barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Kipande cha kwanza, cha upande wa bandari, kilifunguliwa 2018. Vilivyobaki vilikamilika 2024, kwa mkopo wa Japani. Ina madaraja mawili makubwa juu ya maji na mikoko: la Mwache, mita 660, na la Mteza, mita 1,440. Lile la Mteza lilipofunguliwa watu walikuwa wakisimamisha magari katikati wapige picha, na siwalaumu. Kwa watu waliokwama Likoni miaka yote hiyo, kupita juu ya maji bila kumwomba mtu ruhusa kulistahili picha.

Kutoka Miritini hadi Diani sasa ni kama saa moja. Mabasi ya Nairobi yanapita huko, malori ya Tanzania yanapita huko, na eneo la viwanda linalopangwa Dongo Kundu limepata mlango. Foleni ya magari kwenye feri imepungua, jambo linalomsaidia hata asiyeitumia barabara mpya. Hayo yote ni faida, na ninayaandika bila kinyongo.

Lakini mweke barabarani fundi wa ujenzi anayeishi Ng'ombeni na kufanya kazi kisiwani. Akitaka kuiepuka feri atakwenda Kibundani, atafuata barabara mpya hadi Miritini, kisha atarudi mjini kupitia Changamwe na Makupa. Ni kilomita 30 hivi za kuzunguka ili akwepe mita 500. Kwa nauli yake hilo halina maana, kwa hiyo kesho alfajiri yuko palepale kwenye mteremko wa feri, amebeba kifuko cha zana na chakula cha mchana. Nairobi imemsogelea. Mombasa iko ilipokuwa. Anayepanga miji kwa kutazama magari yaliyopungua kwenye foleni hatamwona, kwa kuwa yeye hakuwa kwenye foleni ya magari tangu mwanzo.

Vivyo hivyo mgonjwa. Msambweni kuna hospitali ya rufaa, nayo imewaokoa wengi na safari. Ila kuna wanaoandikiwa kwenda hospitali kuu ya Pwani mjini. Ambulensi hupewa njia, haipangi foleni. Lakini haiwezi kupanda feri iliyo ng'ambo. Siku hizi dereva ana uchaguzi, aingie Likoni au azunguke Miritini, na uchaguzi huo peke yake ni zawadi kubwa kuliko zote za barabara ile. Ningependa kuona mtu anaupima muda huo, kutoka kitanda hadi kitanda, kwa bidii ileile inayotumika kupima muda wa uwanja wa ndege hadi hotelini.

Kabla ya barabara na feri, watu wa ufuko huu walipima safari kwa miezi. Kuanzia Disemba hadi Machi kaskazi huvuma, jahazi zikashuka kutoka Arabuni na Lamu. Aprili kusi hushika zamu, zikapanda. Nahodha wa Vanga aliyeulizwa Tanga ni muda gani angetaka kujua kwanza upepo ni upi. Tanga na Vanga ni majirani: kwa mstari ulionyooka hazifiki kilomita 50, wakati Mombasa iko zaidi ya 80 kutoka Vanga. Watu wa huko walioa, waliuza na kuzika pande zote mbili. Kisha mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, wakiwa mbali huko Ulaya, walichora mstari ulioanzia kwenye mlango wa mto Umba, Vanga ikabaki huku na Tanga kule. Tangu siku hiyo, aliye karibu akawa wa nchi nyingine. Shimoni nayo inatazamana na Pemba, kilomita kama 40 za bahari. Wavuvi wa Kipemba walioishi ufukweni Kenya vizazi kadhaa walitambuliwa rasmi kuwa Wakenya mwaka 2023 tu. Kuvuka bahari ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Mpaka huo ndio unaoeleza pia ajabu ya njia ya Dar es Salaam. Kunguru akitoka Mombasa kwenda Dar atakata kilomita zipatazo 310. Basi hukata zaidi ya 500. Linaondoka alfajiri, linavuka Likoni au linazunguka Dongo Kundu, linapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, na kufika Lunga Lunga, ambako siku hizi maofisa wa Kenya na Tanzania wako kwenye kituo cha pamoja na Horohoro, wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Huko watu huteremka wote na mizigo yao. Kuna fomu, kuna muhuri, kuna kadi ya homa ya manjano ambayo daima kuna abiria mmoja aliyeisahau, na basi zima linamngoja huku wauza korosho wakifanya biashara. Kutoka Horohoro hadi Tanga lami ni nzuri. Kisha, badala ya kushika pwani, barabara inaingia bara hadi Segera na Chalinze, ndipo inarudi baharini. Tanga hadi Dar kwa njia hiyo ni kama kilomita 350.

Njia ya pwani, Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, ina urefu wa kilomita 246. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2019 dola milioni 384 kwa ajili ya awamu ya kwanza ya barabara ya Malindi hadi Bagamoyo, ambayo ndani yake mna kipande cha Mkange, Pangani hadi Tanga kwa upande wa Tanzania na kile cha Mombasa hadi Kilifi kwa upande wetu. Siku itakapokamilika, saa mbili hivi zitatoka kwenye safari ya basi la Dar. Saa ya Lunga Lunga itabaki, isipokuwa kadi ya homa ya manjano ipate mahali pengine pa kukaguliwa.

Chukua rula sasa uiweke juu ya Msambweni. Dar es Salaam iko kilomita 260 hivi kwa mstari ulionyooka. Nairobi iko kama 460. Hata kwa barabara, pamoja na mzunguko wote wa Segera na Chalinze, Dar ndiyo iliyo karibu. Mtoto anayezaliwa Msambweni leo amezaliwa karibu na mji mkuu wa biashara wa nchi nyingine kuliko mji mkuu wa nchi yake, na kila karatasi atakayoihitaji maishani itatoka ule wa mbali.

Wamakonde wa Kwale wanalijua hilo. Wazee wao walianza kuja kutoka Msumbiji miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa ya pande hizi. Watoto wakazaliwa hapa, wajukuu wakazaliwa hapa, na wote wakabaki bila kitambulisho cha Kenya. Bila kitambulisho hupati pasipoti wala hati ya muda ya kuvukia mpaka, hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu kwa jina lako, na kizuizi cha polisi pale barabarani kinakuwa mwisho wa safari. Kutoka Msambweni, kilomita 45 za kwenda Lunga Lunga na 50 za kwenda Likoni zote zilikuwa na urefu mmoja kwao.

Oktoba 2016 mamia kati yao, wazee kwa vijana, walitoka Kwale wakaandamana kuelekea Nairobi, zaidi ya kilomita 500, wakizuiwa na polisi njiani. Ilikuwa safari ya siku kadhaa katika nchi ambayo ndege ilikuwa ikiruka juu yao kwa saa moja. Walikwenda mji ulio mbali zaidi kwa sababu Ikulu iko huko. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ulikwisha bila vitambulisho. Ilikuwa tarehe 1 Februari 2017 ndipo vya kwanza vilipotolewa, na safari hiyo haikuwa yao tena. Rais ndiye aliyeshuka Kwale kuvikabidhi.